Mama Anayewafungisha Samaki

Saa moja kasoro asubuhi, jani lililoanguka usiku limeshakakamaa kwa baridi. Sekihara Mitsuyo amepiga magoti kwenye ukingo wa bwawa la uani, mkono wake wa kulia umezama majini hadi kiwikoni.

"Mkono haudanganyi, ila unauma," anasema, kisha anautoa na kutumbukiza kipimajoto ili kuhakikisha. Nyuzi tisa.

Katika vijiji hivi vya milima ya Niigata, Japani, nyuzi tisa ni tangazo. Kuanzia leo samaki wafunge, na hawatafungua hadi theluji iyeyuke.

Mitsuyo, mwenye umri wa miaka 59, hulima mpunga wakati wa kiangazi. Vuli likiingia huvaa mabuti ya mpira na kuzunguka nyumba hadi nyumba akiwaandaa koi, samaki wa mapambo wa mabwawani, kwa majira ya baridi. Huopoa majani kabla hayajaoza na huinua pampu ili isivuruge maji ya chini, ambako samaki watalala. Kisha hulaza mbao na mikeka ya matete juu ya bwawa, kwa kuwa theluji ya hapa hupita kimo cha mtu, na ikimwagika bwawani huyapoza maji ghafla.

Kazi ya bwawa moja humaliza siku nzima na humpatia yeni elfu nane. Zamani alikuwa na mabwawa 46. Leo yamebaki 19, mengi yakiwa ya wazee ambao watoto wao wamehamia mjini.

Bwawa la leo ni la Bibi Kuwabara Kinue, miaka 84. Linaanzia chini kabisa ya baraza ya nyumba yake, na ndani yake amebaki samaki mmoja tu: Akane, jike mweupe mwenye madoa mekundu, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Marehemu mume wa Bibi Kinue alimleta ndani ya ndoo miaka 27 iliyopita.

Mitsuyo anavuta wavu wa majani, anautazama.

"Bibi! Njoo kidogo."

"Nachemsha chai."

"Chai itangoja. Huu hapa ni wali."

Bibi Kinue anatokea barazani, anainama, anaziangalia punje zilizovimba kati ya majani. "Labda ni ndege," anasema.

"Ndege wa kwako wanapika?"

"Siku hizi kila mtu anapika."

Mitsuyo anacheka, lakini macho yake yako kwa Akane. Samaki huyo amejaa tumbo, na anaogelea ameegemea upande.

"Chini ya nyuzi kumi tumbo la koi linalala," anaeleza. "Ukimlisha, chakula kinabaki humo kinaoza. Hafi leo. Anakufa mwezi wa pili chini ya mbao, na wewe unakuja kujua mwezi wa nne."

Anayajua hayo kwa uchungu. Alipoolewa kijijini hapa, baba mkwe wake alilazwa hospitali mwezi wa kumi na moja. Siku moja jua likawaka, samaki wakapanda juu, midomo wazi. Bi harusi akawahurumia, akawakatia mkate. Theluji ilipoyeyuka, wanne walikuwa wamekufa.

"Mzee hakunigombeza. Alinikabidhi wavu tu, akaenda zake kunywa chai. Mpaka leo sijaurudisha."

Sasa Mitsuyo anaufuata mkebe wa chakula cha samaki barazani na kuutia kwenye mfuko wake. Bibi Kinue anamtazama kama mtu anayeibiwa mchana kweupe.

"Mitsu, utaniachia kidogo."

"Hata chembe, Bibi."

"Kijana mzima unamnyang'anya kikongwe!"

"Miaka hamsini na tisa. Asante kwa huo ujana."

Bibi Kinue haitikii mzaha. Anakaa, anakunja mikono ndani ya mikono ya koti lake. "Nikipiga makofi asubuhi, anakuja. Nikiwa na kitu mkononi, anakaa. Nisipokuwa nacho atakaa kwa nini? Na mimi nitatoka nje kufuata nini?"

Mitsuyo anarudi kwenye mbao zake, anazipanga hadi jioni. Lakini anapofika mwisho, anaacha pengo upana wa beseni, hapo hapo mbele ya baraza. Anachukua kipimajoto chake, anakifunga uzi mrefu, anaufungia kwenye nguzo.

"Bibi, kila asubuhi vuta huu uzi, usome, unipigie simu. Mimi nina mabwawa kumi na tisa, siwezi kuwa kila mahali. La kwako ndilo litakaloniambia hali ya mengine."

"Uongo."

"Nusu uongo."

Bibi Kinue anaujaribu uzi kwa vidole viwili. "Macho yangu hayaoni namba ndogo."

"Punje za wali uliziona vizuri tu."

Hapo kikongwe anaangua kicheko, anaingia ndani, anarudi na chai na sahani ya figili za kuchachusha.

Asubuhi ya pili, Mitsuyo akiwa kwenye ua mwingine, simu inaita mfukoni.

"Nane na nusu," inasema sauti ya Bibi Kinue, bila hata salamu. "Ameshuka chini. Jana alikuwa ameegemea, leo amenyooka. Sijapiga makofi, nimemwacha alale."

Mitsuyo anaandika namba hiyo kwenye kiganja.

Mkebe uko nyumbani kwake, juu ya kabati. Mpango wake ni kuubeba kwa miguu hadi kwa Bibi Kinue siku maji yatakapopanda tena kupita nyuzi kumi na mbili, hata kama njia bado ina theluji.

"Namwomba Mungu kitu kimoja," anasema akiushika tena wavu. "Siku hiyo niwakute wote wawili wana njaa."