Kichwa cha Msusi

Jirani yangu msusi amewaambia wateja kwamba amesafiri, kumbe yumo ndani, wiki ya pili sasa tangu afanyiwe operesheni ya kutolewa vipandikizi vya matiti. Hutembea taratibu, mabega ameyakunja, kiganja kimoja kikilinda kifua. Simu ikilia huitazama mpaka inyamaze yenyewe. Daktari amemkataza kuinua mikono, kwa hiyo kikombe, chumvi na sabuni vyote vimeshushwa kutoka rafuni, vimepangwa juu ya kiti. Jana alinigongea mlango, kajifunga kitambaa kichwani, chanuo mkononi.

"Samahani dada, nichane basi. Siku ya kumi na mbili hii, kichwa kinaniwasha balaa."

"Mimi kusuka sijui, shoga yangu."

"Nani kakuomba unisuke? Chana tu."

Alikaa sakafuni, mgongo kwangu. Nilipomgusa kichwa alishtuka, kisha shingo ikalegea. Nilichana hovyohovyo, na yeye, ambaye huwagombeza wasaidizi wake kwa mstari uliopinda kidogo, hakunisahihisha hata mara moja. Nikamwambia tayari. Hakuinuka.

"Rudia tangu mwanzo, dada," alisema. "Au una haraka?"