Mwatiko wa Shangazi na Bwana Samaki

Sikumwamini bwana samaki, yaani afisa wa uvuvi, tangu siku ya kwanza, na sababu yangu ilianzia kwenye viatu vyake. Mtu amekuja Ngomeni kukagua bwawa lililochimbwa kwenye tope nyuma ya mikoko, naye kavaa viatu vya ngozi vinavyong'aa. Hakukanyaga tope hata kidogo. Alisimama ukingoni akauliza mpaka wa shamba unaishia wapi, upande wa bahari na upande wa njia. Nikajiuliza, samaki na mpaka wa shamba wapi na wapi?

Bwawa lilikuwa la shangazi yangu, mjane, dada wa baba. Miaka hiyo ya themanini mimi nilikuwa nashona nguo Malindi, nikienda kwake kila kazi inapolegea. Alilichimbisha kwa kuuza mbuzi wake, akaweka mlango wa mbao wa kuingizia maji wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana. Samaki wadogo aina ya mwatiko waliingia humo pamoja na maji, naye akawalisha pumba mpaka wakanenepa. Hakuwa na kitu kingine cha kumtunza uzeeni, na alilisema hilo waziwazi.

Huyo bwana samaki alikuwa mtu wa bara, afisa wa serikali kutoka mjini. Alimsalimu shangazi kwa "habari ya hapa", kana kwamba ni mwenzake wa rika moja, na hilo nalo nikaliweka moyoni. Alieleza kwamba bwawani hakutolewi hata samaki mmoja kabla ya leseni, na leseni haitoki kabla yeye hajarudi kuangalia kama maji yanabadilishwa, kama samaki hawajabanana, na kama wakivuliwa watauawa upesi badala ya kuachwa wakitapatapa juani. Akikuta bwawa limeshavuliwa, litafunguliwa na samaki warudi baharini. Nilicheka kwa uchungu. Serikali ambayo haijawahi kutuuliza kama tuna maji ya kunywa, sasa ilitaka kujua kama samaki wetu wanapumua vizuri. Nilimwambia shangazi kwamba huyu katumwa na mtu anayelitaka shamba. Alinijibu kuwa mimi nimezoea kumwona shetani hata kwenye tundu la sindano.

Siku ya afisa kurudi ilijulikana, kwa hiyo nilikwenda mapema ufukweni kununua samaki aina ya changu kwa wavuvi. Kwa shangazi mgeni hatoki bila kula, na nilijua mkono wake utakwenda wapi nisipouwahi. Mashua zilichelewa. Niliporudi na changu wangu kikapuni, bwana samaki alikuwa ameshaketi mkekani, mbele yake sahani ya wali na mwatiko wa nazi. Katika nyumba ile, mgeni wa heshima hapikiwi kitoweo cha kununua ilhali mwenyewe unafuga. Ni kama kumwambia hastahili cha kwako. Basi shangazi alikuwa ametimiza heshima yake.

Mgeni alilisifu tui, kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, samaki huyu ametoka wapi. Nilikohoa. Nikainua kikapu ili aone mikia ya changu. Shangazi hakunitazama.

"Wa bwawani," alisema. "Nimemtoa alfajiri, kwa ajili yako."

Afisa aliacha kutafuna. Alinitazama mimi, akakitazama kikapu, akafikiri.

"Mama, nikiulizwa nitasema nilikula changu," alisema polepole. "Leseni utapata."

Kwa mara ya kwanza nikamwona ni mtu mwema, nikaona haya kwa yote niliyomdhania. Nilikuwa tayari kumwongezea wali. Shangazi akatikisa kichwa.

"La, mwanangu. Wewe sema ulichokula."

Nilimvuta kanga kwa nyuma, wala hakujali. Alimhimiza mgeni amalize sahani yake, akammiminia maji ya kunawa, kisha sote tukashuka bwawani. Bahari ilikuwa inakupwa. Afisa alinong'ona kwamba si lazima iwe leo. Shangazi aling'oa mbao za mlango moja baada ya nyingine, maji yakatoka kwa kishindo, na mwatiko wake wakapita mbele yetu wakielekea mkondoni. Afisa alitazama mpaka maji yalipopungua, akaondoka bila kuaga sawasawa.

Nililia kwa hasira. Nilimwambia shangazi amejitia umaskini kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba yule mtu alitaka kumfanyia wema. Aliketi ukingoni akijikwangua tope miguuni, akaniacha mpaka nimalize.

"Huenda ulikuwa wema," alisema. "Huenda. Lakini angeondoka hapa na siri yangu mkononi. Leo amenifichia. Kesho akija kunambia anataka kipande cha shamba, nitamjibu nini?"

Siku zote nilidhani mwenye kushuku katika nyumba ile ni mimi.

"Samaki wamekwenda, na roho inaniuma, usidhani haiumi," aliendelea. "Lakini sasa na aje wakati wowote atakao. Sitamwogopa."