Viganja Nilivyovificha Mgongoni

Wiki iliyopita nilirudi shule niliyosoma, hapa Kharumwa, kufuata cheti changu cha darasa la saba ambacho sikuwahi kukichukua. Nikiwa namsubiri mwalimu niliona nyuma ya darasa miti miwili yenye panda imesimama ardhini, haina kitu. Mgeni angedhani ni mabaki ya uzio. Mimi niliijua. Hapo ndipo kilipokuwa kibuyu chirizi chetu, kidumu kilichoning'inizwa kwa kamba. Unakanyaga kijiti chini, maji yanachirizika, unanawa bila kushika kitu.

Unaukumbuka ule mwaka shule zilipofungwa kwa ajili ya korona. Mama alikuwa machimboni anaponda mawe ya dhahabu, anakuja mara moja moja, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi na bibi. Nisiseme uongo, ile miezi ilikuwa mizuri. Viazi vitamu vilikuwa vimekomaa. Asubuhi tunamenya, tunakata vipande, tunavianika juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba vikauke viwe michembe, na mimi nafukuza mbuzi. Jioni tunachemsha iliyokauka, tunaila na karanga. Redio ikianza habari za ugonjwa, bibi anapunguza sauti.

"Hawa nao, kutwa kufa tu!"

Bibi alikuwa na jambo lake moja. Nikiwa na safari, au mtihani, au muhula mpya, ananiita, nafungua viganja, anavitemea mate kidogo, ptu, ptu, nami najipaka kifuani. Ndivyo wazee wetu wa Kisukuma wanavyobariki. Sikuwahi kuanza muhula bila mate ya bibi.

Siku moja kabla ya kufungua, mwalimu alituita kufanya usafi. Akatuambia ugonjwa unapita kwenye mate, tusiguse mate ya mtu, hata ya mzazi. Niliyashika yale maneno kama amri.

Asubuhi nikavaa sare, imenibana kwapani, nikapiga goti kumsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, bibi."

"Mwangaluka, mayu. Haya, mama, lete mikono."

Nikaificha mgongoni. "Mwalimu amekataza mate."

"Amekataza mate?" Akacheka. "Yeye anameza nini, mchanga?"

"Yana ugonjwa, bibi."

"Mate yangu? Nilikuwa nakutafunia chakula hujaota jino. Leo yana ugonjwa?"

Mikono nikaibakiza mgongoni. Nilijiona msomi. Bibi akaacha kucheka. Mate alikuwa ameshayakusanya mdomoni, nikaona koo lake linapanda na kushuka. Akayameza.

"Nenda, utachelewa," akasema.

Shuleni ilikuwa furaha tupu. Tulizoea kukaa watatu dawati moja, siku ile kila mtu na lake. Tulipanga foleni kwenye kibuyu chirizi, tunasukumana, tunarushiana povu, mwalimu anatufokea tuachiane nafasi. Nilinawa mpaka vidole vikakunjamana.

Niliporudi bibi alikuwa amenipakulia michembe kama kawaida. Ila yake aliiweka pembeni, akaenda kukaa mlangoni, mbali na mimi.

"Bibi, mbona huko?"

"Nisikupe ugonjwa."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Akala mlangoni siku ya pili, na ya tatu. Nikawa najiambia, Jumamosi nitampelekea mikono mwenyewe, tutacheka yaishe.

Siku ya nne, wakati wa mapumziko, nilikuwa kwenye kibuyu chirizi nina sabuni mikononi. Nikamwona mama jirani anavuka uwanja, hana viatu.

"Twende nyumbani, mwanangu. Bibi yako ameanguka pale kwenye jiwe la michembe."

Nilimkuta ameshalazwa ndani, amefunikwa khanga. Watu walisema ni moyo, ni uzee. Nikapiga goti, nikafungua viganja mbele ya uso wake. Vilikuwa vinanukia sabuni. Hakuna aliyenitoa.

Sisemi kwamba ningepokea yale mate asingekufa. Mtihani wa darasa la saba nao nilifanya, sikufaulu, na sisingizii mate. Sikusoma, basi. Bali alikuwa na kitu cha kunipa nami nikakikataa, na sikukipata tena kwa mtu mwingine. Mama hakurithi ile desturi. Lile jiwe limepasuliwa kokoto. Michembe siku hizi nainunua sokoni.

Mwalimu alitoka na cheti, ni yule yule, mvi zimemjaa. Akaninyooshea mkono, nikampa wangu. Akacheka, akaniuliza habari za nyumbani, nikasema njema. Ugonjwa ule hakuutaja.

Nikatokea nyuma ya darasa. Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Nikakanyaga pale palipokuwa na kijiti, nikafungua viganja, nikasubiri. Vikabaki vikavu.