Hodi ya Mama wa Usafi

Mama anayesafisha ofisi zetu za utafiti wa anga hapa London hana haja na ule mchoro wa idara uliobandikwa karibu na lifti. Idara anazijua kwa milango: Injini za Roketi, Setilaiti, Vifaa vya Kupimia, na mwisho wa korido sisi wa Picha za Dunia. Kila asubuhi hufika kwa basi kutoka Woolwich, huvaa glavu za njano, na kila mlango huugonga mara tatu kwa kidole kimoja. "Hodi," husema kwa lafudhi yake ya Bukavu, kisha husubiri, hata kama ndani hakuna mtu.

Mwezi wa pili nilimwona akiingia Injini za Roketi bila hodi, na watu wote sita wamekaa vitini. Baada ya wiki mbili idara ile ilivunjwa. Mwezi wa nne ikawa hivyohivyo kwa Vifaa vya Kupimia. Nikamwuliza nani humpa habari. Akacheka. "Nani aniambie mimi, mwanangu? Hodi ni ya watu."

Viza yangu inategemea kazi hii, kwa hiyo siku hizi nawahi kufika, nakaa kusikiliza ndoo yake ya magurudumu ikija. Leo magurudumu yalisimama nje, na mlango ukafunguka kimya. Alipiga deki akizunguka kiti changu kama anavyozunguka viti vitupu, mpaka nikakohoa. Akaruka, mkono kifuani.

"Yesu wangu! Kumbe ulikuwa humu?"