Nilichora Madirisha ya Maktaba Isiyokuwepo

Niliwahi kupaka rangi maktaba ambayo haipo.

Sitanii. Kulikuwa na ukuta mmoja mrefu, umesimama peke yake kama mtu aliyesusiwa na wenzake. Nyuma yake nyasi tupu.

Mgeni rasmi alikuwa anakuja kufungua kampasi mpya ya chuo cha umma, na ujenzi umekwama. Msimamizi wa ujenzi akaniita mimi, kibarua wake.

"We mshairi, si unajidai unajua kuchora? Nichoree madirisha."

"Madirisha ya wapi, bosi?"

"Hapo ukutani. Weka na mapazia kidogo."

Nikachora. Na nilichora vizuri, siwezi kujishusha. Ukiwa barabarani ungeapa ni vioo.

Mwaka huohuo mdogo wangu wa kike akamaliza shule. Nyumbani tunamwita Darubini, maana hakuna kitu anachokiacha bila kukikodolea macho. Tangu utotoni alitaka kitu kimoja tu: kuwa mtaalamu wa maabara.

Vyuo viwili vya umma vikamkubali: kile kikongwe cha mjini, na ile kampasi yangu ya rangi. Achague kimoja.

Baba ni fundi cherehani. Akasema haamini maneno ya watu, ataona kwa macho yake.

Tukaanza na kikongwe. Huku gereji, huku jalala. Lango limeinama, kuta zina ukungu. Lakini Darubini aliingia maabara akagoma kutoka. Meza zimejaa vifaa, wanafunzi wana makoti yenye madoa ya kazi.

Baba alibaki nje, kaziba pua.

"Nimlete mwanangu akasome kando ya jalala? Watu watanionaje?"

"Baba, ingia basi uone," Darubini alimwita kutoka mlangoni.

"Nimeshaona."

Tukaenda kampasi mpya. Bustani, chemchemi ya maji, lango kama la ikulu. Baba akasimama pale nje, uso umechanua.

"Mnaona? Hiki ndicho chuo. Kimepigwa pasi!"

Nikaunyoshea ukuta kidole. "Baba, ile maktaba ni ukuta mtupu. Madirisha nimechora mimi."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Wewe? Huo ni wivu wa mtu aliyekosa chuo."

Ilinichoma, lakini sikunyamaza. "Twende nyuma ukaone."

Mlinzi akatuzuia. "Ndani ni wanafunzi tu, mzee."

"Baba, wewe shati la mtumba hulinunui mpaka ulipindue uone mshono wa ndani. Leo imekuwaje?"

"Chuo si shati. Funga mdomo."

Jioni, mezani, nikashindwa kujizuia. Nikamtupia beti:

*Mmevutiwa na lango, hamkuuliza ndani,*
*Mkaona ni kiwango, kumbe rangi ukutani.*

"Hayo kamwimbie mkeo," baba akajibu. "Ukimpata."

Mama akacheka. Darubini hakucheka. Alithibitisha kampasi mpya kama baba alivyotaka, akaenda kulala.

Mwaka wa kwanza ukaisha hajashika kifaa hata kimoja.

"Kaka, mwalimu anainua kalamu, anasema, 'Chukulieni hii ni bomba la majaribio.' Na sisi tunaandika."

Siku moja baba akaenda kumtembelea. Safari hii wakamruhusu kuingia. Akauzunguka ule ukuta.

Alirudi nyumbani. Cherehani haikulia siku hiyo. Kesho yake akaniambia, bila kunitazama, "Tumhamishe. Aende kule kwenye jalala."

Darubini alinirukia shingoni kama mtoto. Tukahangaika na ofisi mpaka uhamisho ukakubaliwa. Tukamsindikiza mimi na baba.

Tulipofika nilidhani tumepotea njia.

Gereji haipo. Jalala limezibwa kwa ukuta mrefu uliochorwa maua. Lango jipya. Chemchemi, tena kubwa kuliko ya kule.

"Kumbe wamepatengeneza!" baba akafurahi.

Darubini hakusubiri. Alikimbia moja kwa moja hadi maabara.

Tulimkuta amesimama mlangoni. Juu pameandikwa: UKUMBI WA WAGENI. Ndani makochi na zulia.

Mzee mmoja aliyekuwa mtunza maabara alikuwepo, sasa anapanga vikombe.

"Vifaa viko wapi, babu?" Darubini akauliza.

"Viliuzwa, mjukuu wangu. Wanafunzi walituishia. Kila mzazi akifika hapa anaziba pua, anageuza, anampeleka mtoto kampasi mpya. Wakubwa wakaona bora pesa za maabara zijenge lango."

Nilimtazama baba. Baba alitazama zulia.

Darubini hakulia. Aliuliza tu, "Na mwalimu wa maabara?"

"Kaondoka. Abaki afanye nini?"

Siku hizi Darubini anashona pindo kwenye cherehani ya pili ya baba. Hawaongei sana.

Mngetaka niwaambie: wazazi, msichague chuo kwa lango, ingieni ndani. Ningesema hivyo zamani. Leo nasema jingine. Vyuo vilitusikiliza. Vilisoma nyuso zetu pale getini, vikauza ndani ili vitupendezee nje. Sasa popote utakapompeleka mwanao patapendeza.

Ndicho tulichoomba.