Duka Lisilofungwa Chanika

Jumatatu, tarehe 4 Novemba 1974, muuzaji wa duka la kijiji la Chanika alifungua mlango saa mbili kamili, ingawa alikuwa na chumvi na viberiti tu. Mashamba yalikuwa yamekauka, na lori la unga halikuwa limeonekana kwa wiki tatu. Wauzaji wa vijiji vingine walikuwa wakija kumtazama anavyofanya. Siku hiyo alikuja Mwatumu, muuzaji kutoka upande wa Segera, ambako wanakijiji walidai kwamba yeye anaficha unga na walitaka kumwondoa kazini. Alimwona muuzaji yule wa Chanika akikung'uta kila gunia tupu mbele ya watu, kisha akilikunja taratibu, pembe kwa pembe.

“Na chini ya meza je?” mzee mmoja akamchokoza. “Au huko wanakula shemeji zako?”

“Shikamoo, mzee,” akajibu kwa sauti yake ya chini. “Ingia utazame.” Akainua ubao wa kaunta. Mzee akaingia, akainama, akatoka na vumbi magotini.

“Kuna panya mmoja, naye amekonda.” Watu wakacheka, wakanunua chumvi.

Mwatumu alimshika muuzaji mkono kwa mikono yake miwili. “Ahsante, kaka. Umenifaa.”

Kesho yake saa mbili, Mwatumu alifungua duka lake, akainua ubao, akawakaribisha ndani waliokuja kumfukuza.