Nimekwenda kuhani msiba Mikumi, marehemu akanipokea mzigo

Admini nifichie jina, ila Kimamba kwetu usiifiche maana naipenda. Nina miaka arobaini na tisa, mama wa watoto watatu. Shule niliishia la saba, lakini binti yangu wa mwisho kavaa joho mwaka huu, ni muuguzi, na kama hamjamwona ndani ya sare yake nyeupe hamjaona kitu. Hilo nitawaambia hata msiponiuliza.

Tuna kundi letu la wasapu la akina mama. Wengi hatujawahi kuonana uso kwa uso. Kila asubuhi mtu anasema kaamkaje: huyu maandazi yake yameungua, yule mume kanuna, mwingine mvua imelaza mahindi. Tunacheka, tunatiana moyo. Nilipofanyiwa upasuaji, sauti za hao wanawake ndizo zilizoninyanyua kitandani. Kwa hiyo msidhani nachukia mambo ya simu.

Humo kuna mmoja wa Mikumi, nimwite Mama Furaha, si jina lake. Wa wilaya ya Kilosa ni mimi na yeye tu, basi nikamfanya mdogo wangu kabisa.

Siku niliyotuma picha za joho kundi lilichangamka. Vigelegele tangu asubuhi, na mimi sikujizuia, nilituma zote, hata ile ya viatu. Mchana Mama Furaha akaweka picha ya mama yake, pembeni mshumaa: "Mama yangu kanitoka. Sina tena pa kuegemea." Jamani! Tulilia. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema vigelegele vya joho viishe. Akatuambia mwili wanaupeleka kuzika kijijini kwao milimani, tusihangaike, maombi yanatosha.

Wenzangu wakatuma vikatuni vya machozi. Mimi nimelelewa kwamba msiba unaendewa kwa miguu. Nikaacha zipite siku chache warudi kutoka mazikoni, nikabeba kuku na mchele wangu ule unaonukia mpaka kwa jirani, bodaboda hadi Kilosa, nikapanda basi la Mikumi. Sikumwambia. Mfiwa haombwi ruhusa. Mwenye duka akanielekeza nyumba, na nilipoiona tu nikafunga kanga kiunoni, nikaanza kulia tangu barabarani kama inavyotakiwa: "Mama yetu ee! Umetuachia nani!"

Majirani wakatoka. Ndani ya nyumba akatoka bibi mmoja mbio mbio, ungo wa choroko mkononi. "Nani kafa? Nani kafa jamani?"

Uso ule ule wa kwenye mshumaa.

Kilichonitoka mdomoni ni, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole sana. Umefiwa na nani?"

Nikasema ndugu yangu. Ningesema nini? Akanipokea mzigo, akanikalisha mkekani, akaniletea maji. "Lia mwanangu, usibane, utaumwa kifua." Marehemu ananibembeleza mimi niliyekuja kumlilia! Nikamwambia mimi ni rafiki wa binti yake, nimepita kwake kupata faraja.

Mama Furaha akarudi kutoka bombani. Aliponitambua kwa zile picha za joho, ndoo ilimponyoka, maji yote chini. Akanivuta nyuma ya nyumba. "Dada, nisitiri."

"Nikusitiri? Mama mzima anapeta choroko, wewe umemzika kwenye simu?"

"Asubuhi ile niliandika nimeamka na homa, siwezi hata kusimama. Hakuna aliyenijibu. Joho, joho, joho! Nikasema ngoja na mimi mnione."

Sasa hilo nalo ni la kunitupia mimi? Mwanangu asivae joho kwa sababu mtu ana homa? Bora angetaka michango, ningesema ni njaa. Hakuomba hata senti. Alitaka machozi yetu tu, akamtoa mama yake kafara kuyapata. Nilisikia kinyaa. Wali wangu mwenyewe ulipoivishwa, nilimega tonge nikalirudisha sahanini.

Na hajaacha! Juzi asubuhi kaandika, "Leo nimeukumbuka uji wa mama, nani atanikorogea tena." Uji huo siku ile nilimwona bibi anaukoroga kwa macho yangu, na kikombe cha kwanza akampa yeye. Wanawake wa watu wakamwaga machozi upya. Tena wamepanga arobaini waje Mikumi, wote kanga sare, na mimi niliye karibu ndiye niwapokee.

Nikisema, kundi limekufa, maana nani atamwamini tena mwenzake akisema mwanangu anaumwa? Na bibi atasikia tu. Majirani wale wataongea. Atajua binti aliyemzaa kamuua ili apewe pole. Nikinyamaza, nitawaongoza watu wazima kwenda kulilia mtu atakayewafungulia mlango.

Lakini kinachoninyima raha ni hiki. Naaga, bibi akaniuliza, "Kumbe nyie ndio mnaomchekesha mwanangu kwenye simu? Nipe na mimi niwasalimie." Mama Furaha akaangalia chini. Nikamrekodi, ningemkataliaje mtu mzima? Akasema: "Hamjambo wanangu. Mimi mama yake mwenzenu wa Mikumi. Asanteni kwa kumpenda. Akinuna mvumilieni, moyo wake mzuri. Njooni siku moja niwapikie."

Sijaituma. Kila asubuhi wenzangu wakianza "Mmeamkaje?" naifungua naisikiliza, halafu naandika kwamba nimeamka salama. Na bibi, niliyemwachia namba yangu, kanipigia jana: "Mwanangu, salamu zangu zilifika? Mbona hawajajibu?"

Wanawake wenzangu, na wanaume mliokuzwa na mama, semeni nami. Hiyo salamu niipeleke kundini, au nimwambie nini huyo mama anayesubiri jibu?